Mizani ya shairi la Kiingereza inapogoma: dalili, sababu na marekebisho

Anayetoka kwenye shairi la Kiswahili huja na sikio zuri, ila limezoea kazi nyingine. Tarbia inahesabu silabi: nane kwenye ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo), nane kwenye utao (nusu ya pili), na ikipungua moja wasikilizaji wanaisikia papo hapo. Shairi la jadi la Kiingereza linahesabu silabi na mikazo kwa pamoja, na mkazo ndio wenye kauli ya mwisho. Matatizo mengi yaliyomo humu hayatokani na kutojua kanuni za ushairi. Chanzo ni neno moja lililotamkwa jinsi lilivyoandikwa, au lililopewa mkazo wa Kiswahili, na mshororo mzima ukayumba. Kwa hiyo karibu kila dalili hapa inaanzia kwenye kamusi, mizani baadaye.

Andaa penseli, nakala ya shairi unayoweza kuichorachora, na kamusi inayoonyesha matamshi. Katika kamusi nyingi kijistari cha wima hutangulia silabi yenye mkazo, lakini baadhi ya kamusi za Marekani hukiweka baada yake. Soma kurasa za mwanzo za kamusi yako kabla hujakiamini. Humu silabi yenye mkazo, tutakayoiita nzito, imeandikwa kwa herufi kubwa. Isiyo na mkazo ni nyepesi.

Pima sikio kwanza

Kabla hujalilaumu shairi lolote, soma kwa sauti mshororo wa kwanza wa shairi la maombolezo la Thomas Gray lililochapishwa mwaka 1751:

The curfew tolls the knell of parting day

the CUR-few TOLLS the KNELL of PART-ing DAY

Silabi 10, mikazo 5, jozi tano za nyepesi na nzito. Kila jozi huitwa mguu. Mguu wa nyepesi kisha nzito ni ayambi, na miguu mitano katika mshororo ni pentamita. Huu ni mshororo ulionyooka kabisa, hauna hila yoyote, na ndiyo sababu unafaa kupimia. Ukipata 10 na 5, nenda moja kwa moja kwenye dalili inayokusumbua. Usipopata, anza na ya kwanza.

Dalili ya 1: Silabi zinazidi. Unapata 11, 12 au 13 mahali pa 10

Sababu inayoongoza ni irabu za ziada. Kiswahili hakipendi konsonanti zirundikane, kwa hiyo ulimi huzitenganisha wenyewe: "tolls" inageuka "tolusi", na "stretched" inapata silabi tatu ilhali ina moja tu. Andika mshororo, kisha piga mstari chini ya kila neno lenye konsonanti mbili au zaidi zilizofuatana. Tafuta maneno hayo kwenye kamusi uone yamegawanywa mara ngapi. Usitegemee kuhesabu kwa kushika kidevu, maana kidevu kitashuka hata kwa irabu uliyoichomeka mwenyewe.

Ya pili ni herufi "e" ya mwisho na kiambishi "-ed". "Date", "lease" na "shine" zina silabi moja moja. "-ed" ya kitenzi huwa silabi pale tu inapofuata sauti ya t au d: "wanted" ni mbili, "walked" ni moja, "saved" ni moja. Kanuni hii inatosha kwa mashairi ya karne mbili zilizopita, ila mashairi ya zamani zaidi yanaichezea, kama utakavyoona kwenye dalili ya 2.

Ya tatu ni maneno yanayomezwa. "Every" huwa mbili, "different" mara nyingi ni mbili, "power" na "flower" zinaweza kuwa moja au mbili kadiri mshororo unavyotaka. Tazama mshororo wa saba wa soneti (shairi la mishororo 14) ya 18 ya Shakespeare:

And every fair from fair sometime declines

Ukitamka "every" kwa silabi tatu unapata 11. Kwa mbili unapata 10, na mikazo inakaa mahali pake. Milton naye anafungua utenzi wake mkuu wa mwaka 1667 hivi:

Of Man's first disobedience, and the fruit

of MAN'S first DIS-o-BE-dience AND the FRUIT

Hapo "-dience" ni silabi moja. Wanafunzi wengi huigawa mara mbili, wakapata 11, kisha wakatafuta jina la kitaalamu la kasoro ambayo haipo.

Utaratibu wa kuamua ni huu: kama silabi imezidi moja, tafuta kwanza irabu mbili zilizokutana ndani ya neno, au irabu dhaifu kabla ya r, l au n. Jaribu kuimeza. Mshororo ukitulia, umepata jibu. Ila usimeze silabi yenye mkazo hata siku moja. Ukilazimika kufanya hivyo, umekosea mahali pengine.

Ya nne si kasoro. Ni mshororo uliopewa silabi nyepesi ya ziada mwishoni kwa makusudi, na mfano wake unajulikana dunia nzima:

To be, or not to be: that is the question

Silabi ni 11. Ya kumi ni QUES, nzito, na "-tion" inaning'inia nyuma yake. Uthibitisho ni kwamba silabi ya ziada iko mwisho kabisa na haina mkazo. Iandike kama mwisho laini, uendelee. Wapo wanaosoma "that IS the QUES-tion" na wapo wanaosoma "THAT is the QUES-tion". Mizani inazibeba zote mbili, na waigizaji hawajaacha kubishana.

Iliyo nadra ni mshororo wa miguu sita uliokusudiwa. Edmund Spenser, aliyeanza kuchapisha utenzi wake mkubwa mwaka 1590, alitunga beti za mishororo tisa: minane ya silabi 10 na wa tisa wa 12. Kama ziada inarudi mahali palepale katika kila ubeti, huo ni mpango wa mshairi. Usiurekebishe.

Dalili ya 2: Silabi zinapungua

Anza na "-ed" ile ile. Soneti ya 116 ina mshororo huu:

O no, it is an ever-fixed mark

Kwa matamshi ya leo ni 9. Shakespeare alitaka "FIX-ed", silabi mbili, na jumla inakuwa 10. Matoleo mengi ya kisasa huweka alama juu ya "e" kukuashiria, mengine hayaweki. Kinyume chake, ukiona "fix'd" yenye ritifaa (alama ya '), mchapishaji anakukataza kuitamka.

Pili, konsonanti zinazosimama kama silabi bila irabu. "Little" na "people" ni mbili mbili. "Rhythm" nayo ni mbili, ingawa haina irabu hata moja miongoni mwa a, e, i, o, u. Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa, kwa sababu "m" ya "mtu" inafanya kazi hiyohiyo kila siku, tofauti ni kwamba huku imekaa mwisho.

Tatu, shairi lililokatwa mkia. William Blake, 1794:

Tyger Tyger, burning bright

TY-ger TY-ger BURN-ing BRIGHT

Silabi 7, mikazo 4. Huu ni mtindo unaoanza na nzito, na nyepesi ya mwisho imeachwa ili mshororo ufunge kwa kishindo. Kama karibu kila mshororo unakosa silabi ileile, usitafute pa kuijaza.

Dalili ya 3: Hesabu ni sahihi, lakini ukisoma hakuna mdundo

Hili ndilo tatizo lenye mizizi mirefu. Mtu anaweza kufaulu mtihani wa kuchora mikazo kwenye karatasi na bado asisikie kitu.

Sababu kuu: kila silabi imepewa urefu na nguvu sawa. Kwa Kiswahili hiyo ndiyo lugha safi, irabu tano zinabaki zilivyo popote zilipo. Kwa Kiingereza silabi nyepesi hupoteza irabu yake. "The", "of", "to", "a", "and", "for" zinatamkwa kwa mdomo uliolegea, fupi, karibu kumezwa. Ukisoma "of" kwa o kamili na "the" kwa irabu iliyojaa, umeziongezea uzito usio wake, na zile nzito halisi zimezama katikati yake.

Marekebisho, kwa mpangilio huu:

1. Andika silabi nzito peke yake: CUR, TOLLS, KNELL, PART, DAY.
2. Gonga meza kwa kidole, mapigo matano yenye nafasi sawa, polepole. Tamka silabi moja kwa kila pigo. Rudia mpaka ulimi usisubiri tena.
3. Bila kubadilisha mwendo wa kidole, ingiza silabi nyepesi kati ya mapigo. Zikigoma kuingia, usipunguze mwendo. Zifupishe.
4. Acha kugonga. Soma kama mtu anayemweleza mwenzake jambo.

Hatua ya nne watu huiruka, na hapo huzaliwa kasoro ya upande wa pili: kusoma kwa kutwanga, kila pigo kwa nguvu ileile, mpaka maana inapotea. Sababu yake ni kudhani mikazo yote inalingana. Chukua mshororo wa kwanza wa ile soneti ya 18:

Shall I compare thee to a summer's day?

Ukichora kwa kanuni, "to" inaangukia nafasi ya nguvu: shall I com-PARE thee TO a SUM-mer's DAY ("I" nayo iko kwenye nafasi ya nguvu). Lakini hakuna Mwingereza anayeipiga "to" hiyo. Nafasi ni ya nguvu, neno ni jepesi, na mshororo unabaki na mikazo minne ya kweli au hata mitatu. Kwa hiyo usilinganishe silabi na mshororo mzima. Ilinganishe na jirani yake ndani ya mguu tu, kisha weka alama ya tatu, nukta kwa mfano, pale nafasi ya nguvu inapokaliwa na neno dhaifu. Alama mbili hazitoshi kwa shairi la Kiingereza, ingawa vitabu vingi vya shule huishia hapo.

Kuna na kituo. Mshairi akimalizia sentensi katikati ya mshororo, simama hapo. Asipoweka kituo mwisho wa mshororo, usikitunge mwenyewe. Sisi tumezoea mshororo unaojitosheleza na kina kinachofunga mlango. Milton anavusha sentensi mishororo kadhaa bila kupumua, na ukisimama kila mwisho wa mstari hutajua anasema nini.

Dalili ya 4: Mkazo unaangukia silabi isiyostahili

Kagua kwanza mazoea ya silabi ya pili kutoka mwisho. Kiswahili huweka mkazo hapo karibu daima. Tofauti kama baraBAra ya magari na baRAbara ya kukubali ni chache. Kiingereza hakina mahali pa kudumu, kwa hiyo msomaji anasema "COM-pare" badala ya "com-PARE", na "dis-CON-tent" badala ya "dis-con-TENT". Kila neno la silabi mbili au zaidi usilo na hakika nalo, lipitishe kwenye kamusi. Ni kazi ya dakika tano kwa shairi la mishororo 14, na inaponya zaidi ya nusu ya tatizo.

Halafu kagua aina ya neno. "Record", "object" na "present" zikiwa nomino hubeba mkazo mwanzoni: RE-cord, OB-ject, PRE-sent. Zikiwa vitenzi, mwishoni: re-CORD, ob-JECT, pre-SENT.

Kama kamusi na sarufi vyote viko sawa na bado mshororo unapinga, huenda mshairi ameugeuza mguu. Tamthilia ya Richard wa Tatu inaanza hivi:

Now is the winter of our discontent

NOW is the WIN-ter OF our DIS-con-TENT

Mguu wa kwanza ni nzito-nyepesi, minne iliyobaki ni ayambi. Geuzo la namna hii ni la kawaida mno mwanzoni mwa mshororo, hutokea pia baada ya kituo cha katikati, na katika mguu wa mwisho ni adimu sana. Umechora geuzo kwenye mguu wa tano? Rudi ukague matamshi, una uwezekano mkubwa wa kuwa umekosea. Kuna pia nzito mbili zinazofuatana, kama "ROUGH WINDS" katika "Rough winds do shake the darling buds of May", mguu unaoitwa spondi. Unapunguza mwendo, na upepo wenyewe unasikika.

Sababu adimu kuliko zote ni mkazo uliohama kihistoria. Shakespeare alitamka "aspect" kwa mkazo wa mwisho, as-PECT, ilhali leo ni AS-pect. Kamusi ya kawaida haitakuonyesha hilo. Simama hapa. Ukifika mahali ambapo mshororo wa kabla ya mwaka 1700 unataka mkazo ambao kamusi ya leo inaukana, usibuni. Tafuta toleo lenye maelezo ya mhariri au mwalimu aliyesomea kipindi hicho.

Dalili ya 5: Huelewi kama ni ayambi au troki

Troki ni kinyume cha ayambi: nzito kisha nyepesi. Wengi huamua kwa kutazama neno la kwanza, na ndipo wanapopotea, kwa sababu mwanzo wa mshororo ndipo wanapochezea washairi. Tazama mwisho, tena wa mishororo minne au zaidi. Mishororo ikifunga kwa nyepesi na kuanza kwa nzito, ni troki. Longfellow, 1855:

By the shores of Gitche Gumee

BY the SHORES of GIT-che GU-mee

Silabi nane, idadi ya mshororo wa utenzi, na mwisho wake unashuka kama yanavyoshuka maneno yetu. Ndiyo maana troki ya namna hii huingia haraka kwenye sikio la Kiswahili, na ayambi, inayofunga kwa pigo, huonekana ngeni. Ukijikuta unasikia troki kila mahali, shuku sikio lako.

Shairi lile la Blake linachanganya hata wazoefu: linaanza kwa nzito na kumalizia kwa nzito. Tena mshororo wa nne, "Could frame thy fearful symmetry", ni ayambi tupu ya silabi nane. Andika "troki iliyokatwa, yenye mishororo ya ayambi". Jibu la neno moja hapa litakuwa pungufu.

Dalili ya 6: Kuna nyepesi mbili kati ya kila nzito

Usijaribu kuziminya ziwe moja. Ni mguu wa silabi tatu. Nyepesi mbili zikitangulia ni anapesti, kama Byron mwaka 1815:

The Assyrian came down like the wolf on the fold

the as-SYR-ian came DOWN like the WOLF on the FOLD

Nzito ikitangulia ni daktili: "Half a league, half a league" ya Tennyson, 1854. Zote mbili zinakimbia, na ukizisoma polepole hutazisikia.

Dalili ya 7: Mishororo mirefu na mifupi inapishana

Hesabu kwa jozi. Ukipata 8, 6, 8, 6 umekutana na mizani ya nyimbo za kanisani na hadithi za kuimbwa, ayambi ya mapigo manne kisha matatu. Vitabu vya nyimbo vya Kiingereza huandika tarakimu hizo juu ya wimbo. John Newton alichapisha mwaka 1779:

Amazing grace! how sweet the sound
That saved a wretch like me

Emily Dickinson alitumia mizani hiyohiyo:

Because I could not stop for Death
He kindly stopped for me

Kipimo chake ni cha kufurahisha: uimbe ubeti wa Dickinson kwa tuni ya wimbo huo wa Newton. Ukiingia bila kusukumwa, hesabu yako ni sahihi. Ukikwama, neno ulilokwama nalo ndilo umelitamka vibaya, na kawaida huwa ni "stopped" iliyopewa silabi mbili.

Dalili ya 8: Hakuna kinachokubali

Angalia tarehe na mshairi kabla ya kujichosha. Walt Whitman, tangu 1855, hakufuata miguu. Ukilazimisha ayambi kwake unaharibu shairi. Kwake tafuta marudio ya miundo ya sentensi, orodha, na pumzi ndefu. Gerard Manley Hopkins, ambaye mashairi yake yalichapishwa kitabu kizima mwaka 1918, miaka 29 baada ya kifo chake, alihesabu mapigo na kuacha idadi ya nyepesi iende itakavyo. Chaucer wa karne ya 14 anatamka "e" za mwisho ambazo leo ni bubu, na ushairi wa kale kabla yake ulisimama juu ya mapigo manne yaliyofungwa kwa sauti za mwanzo wa maneno. Vina vya mwisho havikuwa nguzo yake.

Simama hapa pia. Kwa Chaucer na waliomtangulia, na kwa Hopkins, kitabu cha sekondari hakitoshi, na rekodi ya mtu yeyote anayejisomea mtandaoni inaweza kukupoteza zaidi. Nenda kwa mhadhiri wa fasihi ya Kiingereza. Fanya hivyo pia kama unaandaa shairi la kughani jukwaani, au kama wewe ndiye unayesahihisha karatasi za wengine na jibu la mwanafunzi linatofautiana na lako huku kamusi ikimuunga mkono.

Unapokwenda, peleka mshororo ulioandikwa kama ulivyo kwenye chapa, pamoja na jina la toleo na mwaka wake, maana mhariri wa kisasa anaweza kuwa ameondoa ritifaa iliyokuwa inaamua kila kitu. Weka namba juu ya kila silabi, alama zako za mkazo chini yake, na duara kwenye silabi ambapo hesabu yako ilivunjika.